Mbuzi Hasomi PDF

Mwezi Machi katika Mji wa Kale ni mwezi wa picha. Mbingu ni buluu mpaka macho yanauma, kaskazi inamaliziamalizia, na kila jioni nje ya Ngome ya Yesu utakuta vijana wanapigana picha huku jua likizama nyuma ya mji. Mimi pia nimo, sijitoi. Juzi beshte wangu alinitazama kupitia simu yake akasema, "Hali ya hewa leo iko fiti, wallahi."

Dakika kumi baadaye hawe akanipigia. Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale kwa babangu na mtoto wa Ganze kwa mamangu, na ukiniuliza nani hasa, nitakujibu inategemea nani kapiga simu. Hawe hakuuliza kazi wala afya. Aliuliza: "Huko baharini mawingu yashaanza kupanda?" Nikageuka nikatazama. Tupu. Nikamwambia bado. Akasema haya basi, nisalimie watu, akakata, maana salio nalo lina bei.

Sasa nataka tugombane kidogo, mimi na nyinyi mnaosoma haya mkiwa Kizingo, Tudor, Bondeni, au Nairobi mkijifanya hamna kwao. Tugombane juu ya hiyo hali ya hewa iliyo fiti.

Kisiwa hiki hakilimi kitu. Labda mchicha wa kwenye debe na mkomamanga wa mtu aliyebahatika kuwa na ua. Lakini tazama tunavyokula. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri: mbaazi zatoka shamba la mtu, nazi yatoka mnazi wa mtu, na mtu huyo yuko Kwale au Kilifi. Jioni tunateremka Lighthouse kula mihogo na kachri, pilipili na ndimu juu, dafu pembeni. Muhogo huo haukuota Mama Ngina Drive. Usiku mishkaki, na makaa yanayoichoma yametoka wapi? Uliza. Mvua ikikatika Ganze na Magarini, mtu ambaye mahindi yake yamekauka kabla ya kutoa mbelewele anashika shoka, anakata mti, anachoma tanuri, na gunia linapandishwa lori kuja kwetu. Kwa hiyo tunapopepea ule moto na kusema mishkaki imeiva vizuri, tunapepea ukame wa mtu. Mwaka ujao pale palipokuwa na mti patakuwa na vumbi, na tutaambiwa watu wa bara hawajui kuhifadhi mazingira.

Na maji? Hapa ndipo huwa nashangaa watu wanavyoweza kuoga bila kufikiri. Mombasa inakunywa Mzima, chemchemi iliyoko Tsavo, kaunti ya Taita Taveta. Inakunywa Baricho, visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Inakunywa Marere kwenye vilima vya Shimba, na Tiwi, zote mbili Kwale. Yaani mabomba yanapita kwa watu wanaotembea na mitungi, yanakuja kwetu. Mfereji ukikauka siku tatu Mji wa Kale tunatukana kaunti, tunamuita mwenye mkokoteni na madumu yake, tunapiga kelele mpaka tunasikika. Hawe mfereji wake ni lambo, na lambo likikauka hana wa kumtukana.

Wale walioijenga hii ngome yetu ya picha walijifunza jambo hili kwa njia mbaya. Wareno waliianza mwaka 1593, kuta nene, mizinga imeelekezwa baharini, kila kitu tayari. Waarabu wa Oman walipoizingira Machi 1696, haikuanguka kwa mizinga. Ilikaa miaka miwili na zaidi mpaka Desemba 1698, na waliokuwa ndani walikufa kwa njaa na maradhi kuliko walivyokufa kwa vita. Ukienda na mgeni, muoneshe mizinga, sawa, lakini muoneshe na kisima.

Wazee wetu wa mjini walilijua hilo. Zile taifa kumi na mbili za Mombasa, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, zilikuwa na maagano na Wamijikenda: nafaka, pembe na sandarusi zinateremka, nguo na zawadi za heshima zinapanda, na siku ya vita watu wanasaidiana. Sisemi palikuwa pepo. Siku za njaa kuna waliowaweka watoto wao rehani mjini wapate chakula, na si wote waliorudi makwao. Lakini angalau mtu wa mjini alijua kama mtama wa Rabai umestawi au umekufa, kwa sababu tumbo lake lilikuwa humo. Sisi tumebakiwa na lile neno la dharau, Nyika. Mpaka leo mtu akivaa vibaya hapa anaambiwa ametoka mashambani.

Wagiriama wanazipa njaa majina kama sisi tunavyozipa nyimbo. Ile ya mwisho wa karne ya 19 inaitwa Magunia, kwa ajili ya magunia ya chakula cha msaada yaliyoletwa. Zaidi ya miaka 120 imepita na bado ni magunia, tofauti ni kwamba sasa yana picha ya mheshimiwa, na mama anayepokea hulazimika kushikilia upande mmoja mpaka kamera imalize.

Basi niwape hesabu ya hawe, kwa sababu ukame mjini tunausikia kama habari ya mizoga tu, ng'ombe kalala ubavu, mbavu nje, nambari ya kuchangia chini ya kioo. Mzoga ni mwisho wa hadithi. Hadithi yenyewe ni bei.

Mwanzoni mwa 2020 hawe aliuza beberu kwa shilingi 6,000. Unga wa kilo 2 dukani kwao ulikuwa kama 120. Beberu mmoja, pakiti 50. Kisha vuli ya 2020 ikawa haba. Masika ya 2021, hivyo hivyo. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Vuli ya 2021, hakuna. Masika ya 2022, hakuna. Ng'ombe ndio walioanza kwenda, kwa sababu ng'ombe anataka nyasi; mbuzi husimama kwa miguu miwili akala majani ya kichaka, ndiyo maana watu wanasema mbuzi ni benki. Nilikwenda Ganze Septemba 2022. Hawe aliuza beberu wa rika lile lile kwa 2,000, na ilibidi amsukume kumpandisha kwenye pikipiki ya mnunuzi. Unga ulikuwa umepita 200. Ule wa ruzuku wa shilingi 100, uliotangazwa Julai uchaguzi ukinukia, dukani kwao hakuuona. Piga hesabu mwenyewe. Beberu mmoja, pakiti 9 na chenji.

Mbuzi ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu kijijini alikuwa anauza siku hiyo hiyo, kwa sababu kila mtu aligundua siku hiyo hiyo kwamba mvua haiji. Mnunuzi kutoka mjini anajua. Anakaa kivulini, anasubiri.

(Mbuzi wale ndio waliokuwa karo yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na sitaki kumsingizia mvua kila kitu. Nilikuwa pia sihudhurii darasa la saa mbili asubuhi. Lakini darasa la saa nne nilikuwa nalipenda.)

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo vumilieni. Ilikuwa inajulikana! Ukame hauvunji mlango usiku kama jambazi. Unakuja polepole, umeandikiwa ripoti. Nchi hii ina Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, na kila mwezi inatoa taarifa ya kila kaunti kati ya zile 23 za maeneo makavu. Kilifi imo, Kwale imo, Tana River, Lamu na Taita Taveta zimo. Ukitazama Pwani nzima ni Mombasa tu haimo, na nadhani hiyo peke yake inaeleza mengi kuhusu usingizi wetu. Agosti 2022, mwezi mmoja kabla hawe hajamsukuma yule beberu, ICPAC, kituo cha utabiri cha nchi za IGAD, kilikuwa kimeshasema wazi kwamba vuli inayokuja ina dalili kubwa ya kuwa haba. Msimu wa tano mfululizo. Na kweli haikunyesha ya maana. Kufikia mwisho wa balaa lile Kenya ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5, na watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wanahitaji chakula.

Nimezisoma zile taarifa za NDMA. Siku ya kwanza nilifungua moja kwa bahati mbaya, nikitafuta kitu kingine, nikakaa nayo mpaka kahawa ikapoa. Nasema bila utani, ni kati ya maandishi bora yanayohusu Pwani yetu. Humo mna kila kitu. Mvua imenyesha kiasi gani. Majani yakoje, yakitazamwa na setilaiti kutoka angani. Lambo zipi bado zina maji na za wiki ngapi. Mtu anatembea kilomita ngapi kufuata maji, na mbuzi wake kilomita ngapi. Mbuzi mmoja anapata kilo ngapi za mahindi, hesabu ile ile ya hawe, imechorwa kwa mstari unaoshuka mwezi baada ya mwezi. Watoto wa chini ya miaka mitano, mikono yao imepimwa kwa utepe wa rangi. Na mwishoni kaunti inapewa daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura.

Yote kwa Kiingereza. Kwenye faili la PDF.

Na si Kiingereza cha dukani. Ni kile cha vifupisho, herufi tatu tatu, nne nne, ambacho hata mie niliyekula karo ya mbuzi nilihitaji kamusi. Sasa fikiria safari ya neno. Mtu wa NDMA anakwenda kijijini, anamuuliza mama wa Kigiriama: juzi umeuza mbuzi kwa ngapi? Mama anajibu kwa Kigiriama. Inaandikwa kwa Kiingereza, inapanda Kilifi mjini, inapanda Nairobi, inageuzwa mstari kwenye jedwali, inatumwa kwa mashirika, balozi, wizara, kwenye mikutano ya hotelini yenye chai na sambusa. Kwa yule mama hairudi. Hawe aliwahi kuwa mmoja wa walioulizwa. Alidhani ni watu wa kodi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mie si wakili, lakini nikiziweka hizo mbili pamoja sioni ni vipi tahadhari ya ukame wa Ganze inaandikwa kwa lugha ambayo Ganze haiongei nyumbani, halafu tunaiita tahadhari. Nani katahadharishwa? Katahadharishwa mwenye bajeti. Mwenye mbuzi atapata habari kwa bei ya mbuzi.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshakisikia barazani. Kwamba wazee hawasomi hata hicho Kiswahili. Kweli, ndiyo maana kuna redio, kuna msikiti, kuna kanisa, kuna siku ya mnada Bamba na Mariakani ambapo wenye mifugo wote wako mahali pamoja wamesimama kazi hawana mpaka mnunuzi aje. Simama juu ya ndoo usome. Kwamba watu wa hali ya hewa huwa wanapita redioni kutoa utabiri. Kweli pia, na Mungu awalipe. Lakini "mvua chini ya kiwango cha kawaida" haimwambii hawe auze mbuzi wangapi na lini. Kwamba hawa watu wana wazee wao wa kaya na dalili zao. Kweli mara ya tatu, na kule Vihiga wazee wa Nganyi wamekaa meza moja na wataalamu wa serikali, kila mmoja akaleta dalili zake, wakatoa utabiri wa pamoja. Kwa hiyo inawezekana. Isipokuwa lazima mtu aanze kwa kukubali kwamba anayeulizwa bei ya mbuzi anaweza pia kuambiwa jambo.

Na msinidanganye kwamba habari za hali ya hewa ni ngumu kusambaa. Oktoba 2023 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wataalamu wamemweleza hatutakuwa na El Niño ile iliyokuwa inahofiwa. Maneno yale yalifika Ganze jioni hiyo hiyo. Yalifika kwa sababu yalisemwa kwa mdomo na mtu mkubwa, watu wakayabeba. Novemba mafuriko yakashuka, Pwani nzima, mpaka Mombasa tukapita mitaani na maji magotini. Mbuzi waliosalimika na miaka mitatu ya jua, wamekonda, ngozi na mifupa, wakapigwa na mvua na baridi usiku kucha. Hawe alipoteza 7. Habari ya makosa ilikuja kwa lugha tamu, ya kweli ilikuwa imelala kwenye faili.

Halafu kuna sisi wenye Kiswahili chetu. Hili linanikera zaidi, kwa sababu serikali huwezi kuizoea lakini unaweza kuitarajia.

Sisi watu wa pwani lugha yetu imejaa upepo. Kaskazi, kusi, matlai, demani. Kiangazi, masika, mchoo, vuli. Wazee walikuwa na mwaka wa jua, Nairuzi, siku 365, wakauhesabu kwa miongo, kumi kumi, na kila mwongo ulikuwa na kazi yake: huu wa kusafisha shamba, huu wa kupanda, huu usisafiri. Baharia na mkulima walisoma kalenda moja. Kule Makunduchi, Unguja, bado wanaufungua mwaka kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Hapa Mombasa muulize kijana wa rika langu mchoo ni nini, atakuonesha mlango wa choo. Nimejaribu. Watatu kati ya watano.

Na sisi tunaoandika ndio wabaya zaidi. Tazameni mashairi tunayotuma kwenye majarida kama hili. Mvua imo kila mahali, mvua ya mapenzi, mvua ya dirishani, mvua na kikombe cha chai na ex. Mvua inayochelewa imo wapi? Mtu anayesimama mlangoni saa kumi alfajiri kunusa hewa yuko wapi? Nimeandika mashairi manne ya mvua maishani mwangu na yote yana mwanamke mmoja, ambaye hata hivyo alihamia Doha. Hakuna hata moja lenye mbuzi. Tunasema tunaandika Pwani, kisha Pwani yetu inaishia pale Kongowea lori linaposhusha. Nyuma ya lori hakuna mtu.

Kuhusu miradi mikubwa sitakaa sana. Mwaka 2014 tuliahidiwa ekari milioni moja za kumwagilia Galana-Kulalu, tuanze na shamba la mfano la ekari 10,000. Ng'ambo ya mto kutoka kwenye ndoto ile watu waliendelea kupokea magunia. Anayetaka stori hiyo aitafute, imeandikwa sana. Kwa Kiingereza.

Ninachodai ni kidogo mpaka naona haya. Ile taarifa ya mwezi, ile ile, bila kuongeza utafiti hata mmoja, itoke kwa Kiswahili siku inapotoka kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja tu kwa kila kaunti. Bei ya mbuzi, bei ya mahindi, maji yaliyobaki, msimu unaokuja unaonekanaje, na ushauri unaoeleweka: uza sasa au subiri. Isomwe kwa Kigiriama, Kidigo, Kiorma, Kipokomo, Kitaita, na watu wanaozijua lugha hizo, na wapo, wengine hawana kazi, wamekaa na vyeti. Mwenye mbuzi 20 akiambiwa mwezi wa sita kwamba vuli ni ya mashaka, atauza 8 wakiwa na nyama, anunue mahindi yakiwa rahisi, abaki na 12 anaoweza kuwalisha. Huyo hahitaji gunia lenye picha ya mtu. Sitashangaa nikiambiwa hilo ndilo tatizo.

Wakati tunangoja, nimeanza mwenyewe. Jana usiku nilikaa na taarifa ya Kilifi, nikafasiri kurasa nne, nikiwauliza watu wawili namna ya kusema hili na lile. "Hali ya malisho" ilinichukua nusu saa. Leo alfajiri nikampigia hawe kabla hajatoka kufuata maji, nikamsomea. Akasikiliza vizuri, akiitika kama anayesikiliza barua. Kwenye umbali wa maji alinisahihisha. Wao ni mbali zaidi ya hapo. Kwenye lambo alisema hilo la pili lilishakauka. Nilipofika bei ya mbuzi akacheka.

"Hiyo ni ya mwezi jana, mwanangu."

Nikamuuliza ya leo ni ngapi. Akanitajia. Nimeiandika.